Moyo Uliogongwa Kama Chungu

Jumatatu, 6 Novemba 1911

Naandika Kiswahili kwa sababu moja tu: Yunis, mke wangu, hakijui, na jirani yangu Eliya anajua cha kuamkiana basi. Miaka tisa nilikuwa mkalimani wa Boma la Wadachi. Nilichotoka nacho ni koti moja, daftari hili, na lugha ya kufichia siri.

Siri yenyewe ni hii: huenda nina ugonjwa wa moyo.

Jana baada ya ibada Daktari wa Misheni alipita hapa Ikolo, akiwa njiani kwenda kupanda meli bandarini Mwaya. Akasema anayetaka kuangaliwa ajipange. Mimi sikuwa mgonjwa. Haki ya Mungu, sikuwa na kitu! Lakini nikamwona Eliya anakwenda kujipanga, na tangu tulipokuwa wavulana wa rika moja tukichunga ng'ombe, Eliya hajanitangulia mahali. Nikakatiza migombani mbio, nikaruka mfereji, nikatokea mbele yake. Wa kwanza mimi!

Daktari akaniwekea kipembe cha mti kifuani, akatega sikio. Akasema hm. Akasikiliza tena. Hm ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Kisha akaniambia, kwa Kiswahili chake cha pwani, kwamba moyo wangu una mwendo asioupenda. Chombo chake kizuri kimeshatangulia melini pamoja na masanduku. Meli itazunguka ziwa na kurudi Mwaya Jumatatu ijayo, nami nije hapo anipime sawasawa. Huenda ni kitu, huenda si kitu. Mpaka siku hiyo nisiwe na wasiwasi.

Nisiwe na wasiwasi! Mtu akwambie kuna nyoka ndani ya nyumba, kisha akwambie ulale!

Eliya akaangaliwa wa pili. Akaambiwa safi. Tangu jana anamwamkia kila mtu kwa neno hilo. Hata ng'ombe wangu amewaambia.

Yunis amesema Daktari hakutaja kifo, alitaja Jumatatu. Wanawake hawasikilizi vizuri.

Jumanne, 7 Novemba

Sikulala. Moyo nimeuhesabu. Kadiri ninavyouhesabu ndivyo unavyokwenda mbio, kama unajua unahesabiwa.

Nimepata shauri. Kwa nini ningoje siku sita kujua jambo lililo ndani ya kifua changu mwenyewe? Kipembe cha Daktari ni nini? Mti wenye tundu. Na sisi huku tumezungukwa na mianzi! Nikakata kipande kirefu kama mkono, nikakichonga vizuri, nikajisikiliza.

Haikuwezekana. Kifua changu na sikio langu havikuumbwa vikutane. Nikainama, nikajikunja, nikajaribu kupitia kwapani. Shingo ikakwama. Yunis akapita na kapu la mahindi, akaniona, akaendelea na safari yake.

Ikabidi nimwite Eliya. Nikamhonga ugoro, maana mimi mwenyewe Daktari amenikataza. Akaweka sikio kwenye mwanzi, akafumba macho kama mtu wa kazi hiyo. Akasema anasikia kitu. Akasema kinatembea. Akasema kina miguu, tena mingi. Kisha akaruka akapiga ukelele!

Siafu. Walikuwa ndani ya mwanzi.

Sikio la Eliya sasa limevimba, na jioni Ikolo yote inasema moyo wa Gideoni unauma watu. Lakini kuna neema: majirani wameleta vibuyu vitatu vya maziwa ya mgando. Mgonjwa wa moyo, wanasema, apewe maziwa. Sikubishana nao.

Jumatano, 8 Novemba

Siku kubwa! Nimegundua jambo ambalo hata Wadachi wenyewe nadhani hawalijui.

Yunis alinituma ufukweni Mwaya, kwenye soko la Wakisi, wale wafinyanzi, nilete chungu kidogo cha mboga. Nilikwenda polepole kwa ajili ya moyo. Nilipumzika kila kona. Bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni alinipita, akanisubiri, akanionea huruma, akanipita tena.

Wakisi walikuwa wameshusha vyungu kutoka mitumbwini, wamevipanga mchangani. Bei yao inajulikana: unachagua chungu, unakijaza maharage au mahindi mpaka ukingoni, wao wanachukua chakula, wewe unachukua chungu. Nikawa natazama wanawake wakichagua. Kila mmoja anainua chungu kwa ncha za vidole, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Kikilia vizuri anakichukua. Kikitoa sauti ya kikohozi, ana hakika kina ufa, hata kama macho hayauoni.

Nikasimama pale pale. Kugonga na kusikiliza! Daktari anafanya nini kingine?

Nikamwendea Veronika. Huyu ni mama yake Marita, na Marita ni mkamwana wangu, ameolewa na mwanangu Anyitike. Veronika amefinyanga tangu kabla Wadachi hawajalijua ziwa hili. Nikamwuliza sheria za kupima chungu. Akasema ni tatu. Kiwe kitupu, maana kikijaa hakilii. Kiwe kikavu, maana kibichi kinadanganya. Na kiinuliwe juu, maana kikikaa chini ardhi inakula sauti.

Nikafungua koti. Nikamwomba anigonge.

Aliweka chungu chini. Kisha akakunja kidole akanigonga kwenye paji la uso, akawatangazia wenzake kwamba ufa ameuona, uko hapo. Wanawake walicheka mpaka mmoja akaketi juu ya chungu chake mwenyewe.

Baadaye huruma ikamjia. Akasema sikio lake limezeeka. Nikitaka sikio la kweli, ni la Marita. Nyumbani kwao hakuna chungu kilichopanda mtumbwi bila Marita kukisikiliza, na tangu akiwa mtoto hajakosea hata mara moja.

Niliona haya kuondoka bila kununua baada ya kuchukua ushauri. Nikachagua chungu kikubwa kuliko vyote. Maharage ya Yunis hayakufika ukingoni, nikaongeza kapu lenyewe. Nimefika nyumbani nikiwa ndani ya chungu nusu mwili. Yunis amekizunguka, akauliza tunampika nani.

Alhamisi, 9 Novemba

Shida ni kwamba Marita ni mkamwana.

Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe. Hazungumzi naye, hapiti njia aliyomo. Akinisikia nakohoa mbali, anajitupia nguo kichwani na kuingia migombani. Ndiyo maana vijana hujenga kijiji chao ng'ambo ya kijito, mbali na baba zao, na amani inakuwepo. Mchungaji amelipinga jambo hili mara nyingi. Watu humwitikia vizuri, kisha wanaendelea. Hata jina langu Marita hatamki. Mchungaji alipohubiri habari za yule Gideoni wa zamani aliyewavunjisha mitungi watu wake mia tatu, Marita aliulizwa baadaye mahubiri yalimhusu nani. Akajibu: yule bwana asiyependa vyombo.

Miaka mitatu yuko kwetu. Sijui sura yake vizuri. Sauti yake sijaisikia kabisa.

Nikavuka kijito, nikamwita Anyitike kando, nikamweleza shauri. Jamvi litundikwe, mimi nyuma yake, Marita mbele yake. Jamvi litobolewe tundu moja, usawa wa moyo. Hatanigusa. Atagonga kwa ule mfupa wake laini wa kusugulia vyungu, aufunge kwenye ncha ya ufito. Hatataja mtu. Mimi nitakuwa chungu.

Anyitike alicheka mpaka akashika mti. Kisha akakataa. Akasema atachekwa kijiji kizima, na mkewe atamnunia mpaka yapite mavuno mawili. Nikageuka niondoke. Mkono wangu ulikuwa juu ya fimbo na fimbo ilikuwa inatetemeka, nami sikuwa nimeiambia itetemeke. Akaona. Akaacha kucheka, akaingia ndani.

Alipotoka alisema Marita amekubali. Jumamosi, baada ya jua kukausha umande. Yunis awepo katikati, apokee maneno na kuyafikisha.

Marita amesema kugonga tu, basi. Lakini mimi si mtu wa kufanya kazi nusu. Sheria ni tatu, na zote zitafuatwa.

Ijumaa, 10 Novemba

Sheria ya kwanza: kitupu. Sijala tangu jana jioni.

Sheria ya pili: kikavu. Sijanywa. Nimekaa juani kutwa, moto upande wa kulia na moto upande wa kushoto, nikigeuzwa na nafsi yangu mwenyewe. Saa sita mchana niliona Eliya wawili. Mmoja ananitosha.

Majirani wameleta maziwa tena, vibuyu vitano leo! Na mimi siruhusiwi tone. Eliya akajitolea kunisaidia, tusije tukawavunja watu moyo. Alikunywa mbele yangu, mpaka mwisho, akijifuta mdomo baada ya kila kibuyu na kuniuliza kama najisikia nafuu.

Moyo umezidi. Nikisimama unapiga kama mtu anayetwanga na jirani yake anamhimiza. Kwa hiyo ni kweli naumwa. Sina shaka tena.

Yunis amepika ndizi na samaki. Ameziweka hatua mbili kutoka nilipo, upande unakotoka upepo. Tangu Jumapili mwanamke huyu hasemi sana wala hacheki. Labda maharage bado yanamuuma.

Jumamosi, 11 Novemba

Naandika kwa kuegemea, maana kukaa siwezi.

Asubuhi tulikwenda kwenye ule mkuyu wa kando ya kijito. Sheria ya tatu: kiinuliwe. Eliya alileta ngozi ya ng'ombe na kamba yake ya magome. Akasema kamba hiyo imewahi kumvuta fahali matopeni. Hakusema mwaka gani. Nikalala kwenye ngozi kifua wazi, wakanifunga kama mzigo wa safari, kamba ikapitishwa juu ya tawi, Eliya akavuta. Nikapanda! Miguu haikugusa ardhi. Kichwa kilikuwa chepesi kwa njaa, nikaona migomba yote inapiga magoti.

Jamvi likatundikwa. Nikasikia Marita anakuja, hatua ndogo, akasimama ng'ambo. Yunis alikaa katikati amekunja mikono, kama hakimu aliyechoka na kesi.

Ufito ukaingia tunduni. Ko. Ko. Ko.

Nikasikia kunong'ona. Yunis akatangaza kwamba fundi anasema chungu kinatetemeka, na kinachotetemeka hakisikiki. Chungu kitulie.

Nikabana pumzi. Ko. Ko. Yunis akatangaza kwamba fundi anauliza nani anayeguna. Alikuwa Eliya, kwenye kamba. Maziwa ya jana yalikuwa yamemzidi uzito. Nikamwambia anyamaze. Akajibu kwamba chungu hakisemi. Nikamjibu. Akanijibu. Nikajigeuza ili nimjibu vizuri zaidi.

Kamba ikakatika.

Nilitoboa jamvi kwa kichwa. Nikatua kwa mgongo, ngozi juu, jamvi shingoni, na nilipofungua macho nilikuwa natazamana na mkamwana wangu! Uso kwa uso! Toba! Mikono yangu imefungwa, siwezi hata kujifunika. Yeye nguo imemteleza begani, mfupa mkononi, kinywa wazi.

Akasema, "Pole, baba."

Kisha akashika mdomo kwa mikono miwili, akakimbilia migombani, Anyitike nyuma yake.

Basi ndiyo hiyo sauti ya Marita. Miaka mitatu, na neno la kwanza ni pole. Nililala pale chini nikalitafakari kabla watu hawajakumbuka kunifungua.

Jibu sikupata. Anyitike amerudi jioni kusema fundi hakusikia kitu kwa sababu ya kelele za vyungu viwili. Kuhusu kukutana uso kwa uso, wazee wanataka waje kuzungumza, Mchungaji anataka kusali, na Marita ametuma habari kwamba yeye aliona jamvi tu. Ana akili yule binti.

Yunis amenilazimisha kunywa uji. Ameshika bakuli mwenyewe mpaka ukaisha.

Jumapili, 12 Novemba

Sikwenda kanisani. Mgongo.

Eliya alisimama katikati ya ibada akaomba watu wauombee moyo unaouma watu, akawaonyesha sikio lake.

Nimeandika wosia. Koti la Boma kwa Anyitike. Chungu kikubwa kwa Yunis, akipata cha kupika ndani yake. Eliya namwachia kamba yake, vipande vyote viwili.

Nilipomaliza nikajaribu kucheka na sikuweza. Nitaliandika neno hapa kwa kuwa hakuna atakayelisoma: naogopa. Naogopa sana. Yunis alikuwa nje anapepeta mahindi, nikamtazama kupitia mlangoni, nikafikiri kwamba mwaka ujao anaweza kuwa pale pale anapepeta na mlangoni hakuna mtu. Nikatoka nikakaa karibu naye. Akaniuliza nataka nini. Nikasema sitaki kitu. Akanisogezea ungo, tukaokota mawe wote wawili.

Sijala wala kunywa. Kesho Daktari naye atagonga, na nataka anikute nimefuata sheria.

Jumatatu, 13 Novemba

Tulitoka alfajiri kwenda Mwaya, mimi, Yunis na kapu lake, na Eliya aliyesema ananisindikiza. Uongo. Alitaka aangaliwe tena aambiwe safi mara ya pili.

Meli ilikuwa imefika. Daktari ameketi kivulini, meza mbele yake, na chombo kipya chenye mirija miwili, mmoja wa kila sikio! Aliponisikiliza uso ulikunjamana. Akashika mkono wangu akitazama saa. Akaniambia nitoe ulimi. Akautazama ulimi kama barua yenye habari mbaya. Akauliza nimekula lini mara ya mwisho.

Nikajibu, uji, Jumamosi jioni. Akauliza maji. Nikajibu, nimelamba. Akauliza kwa nini.

Nikamweleza kwa ukamilifu: kitupu, kikavu, kimeinuliwa. Nikamweleza na mkuyu. Daktari akaweka chombo mezani akashika kichwa. Sikujua kama amekasirika au anacheka. Wadachi wana uso mmoja kwa mambo yote mawili. Kisha akapaza sauti: nikale, ninywe maji vikombe vitatu, nikae kivulini mpaka mizigo ya meli iishe kushushwa, ndipo nirudi.

Yunis hakuhitaji tafsiri. Alishafungua kapu. Ndizi za kuchemsha, bado vuguvugu, zimefungwa majanini. Nikala kumi na moja. Ya kumi na mbili alikula Eliya.

Jua lilipopanda nikaitwa. Daktari akalaza kidole kimoja kifuani pangu, akakigonga kwa kidole kingine, huku amesikiliza. Ko. Ko. Kama Marita! Nikataka kumwambia, akanikemea ninyamaze. Akanichuchumaza na kunisimamisha mara kumi. Akasikiliza kwa mirija, mbele na nyuma, muda mrefu. Sijawahi kuona muda mrefu vile.

Hapo Yunis akasogea mezani. Hajawahi kusema na Mzungu maisha yake yote. Akaniambia kwa Kinyakyusa nimuulize Daktari swali lake, na nisiongeze neno langu. Swali ni hili: mwaka ujao, wakati wa kuvuna mpunga, atakuwa na mimi au atakuwa peke yake?

Miaka tisa nimetafsiri. Nimetafsiri hukumu, nimetafsiri vitisho vya askari, nimetafsiri mabwana wawili wakitukanana bila kupoteza tusi hata moja. Swali hili la mke wangu lilinishinda. Nilianza mara tatu. Daktari akangoja.

Mwishowe nikalisema lote. Naye akajibu polepole, akimtazama Yunis, si mimi. Akasema moyo ni mzima. Wiki iliyopita alisikia moyo wa mtu aliyetoka mbio, na mtu mwenyewe hakumwambia kwamba ametoka mbio. Wakati wa mavuno atakuwa naye, na mavuno mengine mengi baada ya hayo, kama ataweza kumvumilia.

Nikamtafsiria. Nilifika kwenye neno mavuno, machozi yakanitoka mbele ya watu wote wa bandarini, mkalimani mzima wa Boma. Yunis hakulia. Alimwambia Daktari ndaga, tena ndaga fijo, asante nyingi, akafunga kapu lake vizuri, akalifungua, akalifunga tena.

Yote ningeyaacha hapo. Lakini Daktari alikuwa bado anasema, akinionya juu ya ugoro, na Yunis akauliza hayo anayosema sasa ni nini. Sijui ni shetani gani. Nikapapasa ndevu, nikatafsiri kwamba Daktari ameagiza nisishike jembe msimu huu, na maziwa ya majirani yaendelee.

Yunis akasema haya.

Eliya aliangaliwa. Safi. Lakini amelalamika mgongo tangu ile kamba, na Daktari amemwambia apumzike. Apumzike! Na wangu je?

Jumanne, 14 Novemba

Maziwa hayakuja. Asubuhi nilikaa mlangoni na koti, nimeshika kifua kidogo, kwa adabu. Majirani walipita na vibuyu vyao wakaniamkia ugonile, umelalaje, wakaenda zao kwa Eliya mwenye mgongo.

Kisha Yunis akaniwekea jembe miguuni.

Nikamkumbusha agizo la Daktari. Akasema miaka tisa nilipokuwa Boma alikuwa akiniletea chakula barazani na kunitazama nikifanya kazi. Nikitafsiri kweli, natazama chini. Nikiongeza la kwangu, napapasa ndevu. Nikauondoa mkono kidevuni. Alikuwa ameshatangulia shambani.

Shamba letu la mpunga liko bondeni, udongo mzito. Mstari wa kwanza nikalima. Wa pili nikalima nusu. Kwenye mstari wa tatu nikamwambia kuna neno Daktari alininong'oneza mwishoni, nilisahau kulitafsiri: moyo mzima namna hii ni adimu, usitikiswe kabla ya adhuhuri.

Yunis alisimamisha jembe. Akanitazama. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka jembe likaanguka, mpaka akaketi chini kwenye udongo. Nami nikacheka, nikijua nimeshinda. Kumbe alikuwa analia. Akasema tangu Jumapili ile amekuwa akija hapa kila siku kabla sijaamka, anapima shamba kwa hatua, aone kama mtu mmoja anaweza kulilima lote peke yake. Amepima mara saba. Haliwezekani. Akasema hakuniambia kwa sababu niliambiwa nisiwe na wasiwasi.

Nikamwinua, nikamfuta udongo mgongoni. Nikashika jembe, nikalima mistari miwili mizima, wa tatu, wa nne, bila kusema chochote, naye pembeni yangu. Niliona haya, na nililima vizuri kuliko siku yoyote tangu nioe.

Mwanadamu akilima kimya, akili haikai bure. Kwenye mstari wa tano nikaanza kufikiri. Daktari amekuta moyo mzima. Je, angeukuta vile kama sikuwa nimetundikwa? Nilikwenda kwenye mkuyu naumwa, nimeanguka, na siku mbili baadaye ni mzima. Shauri langu halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kamba.

Na mgongo wa Eliya ndio huo, na maziwa yote anakunywa yeye.

Nimepita kwake jioni hii. Nimemwambia aje mkuyuni Alhamisi, asile kitu tangu kesho, na safari hii nitavuta mimi.